Chupa mbili za stenlesi zinafanana kila kitu, moja inatunza joto nyingine hapana. Mnunuzi aangalie nini?

#1 Kengele_Bubu
Wakuu, salama? Nataka chupa ya stenlesi ya kila siku. Asubuhi chai au kahawa, mchana maji ya baridi, na ikae kwenye begi bila kumwaga. Kinachonichanganya ni hiki: kazini wenzangu wawili wana chupa za mililita 500, ukiziona utasema pacha. Umbo moja, ukuta mara mbili, kitakoni zote zimegongwa "304", na kwenye boksi zote ziliandikwa masaa 12 moto, masaa 24 baridi. Moja ukiifungua mchana chai bado inafuka mvuke. Nyingine ni vuguvugu kabla watu hawajanyanyuka kwenda kula. Mwenye mbovu anadai kauziwa stenlesi feki. Mwenye nzuri anadai mwenzake hajui kuitumia. Mimi nasema kuna kitu hakionekani kwa macho, na mnunuzi anatakiwa akijue kabla hajatoa hela yake. Ni kitu gani? Na kwa nini baridi ikae mara mbili ya moto?

#2 Panzi_wa_Usiku
Ngoja wajuvi waje. Nimevuta kiti.

#3 Fundi_Koleo
Feki tu hiyo, msizunguke. 304 maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ndiyo maana wengine huandika 18/8. Sasa nikeli ni ghali. Wanaobana gharama wanatumia 201, nikeli wameipunguza wakaziba pengo kwa manganizi, halafu wanagonga "304" kitakoni. Muhuri haumgharimu mtu kitu. Nenda na sumaku mfukoni, ikinasa achana nayo.

#4 Bibi_Darubini
@Fundi_Koleo kwenye muhuri tuko pamoja, kwenye sumaku unapotosha watu. 201 nayo kwa kawaida hainasi sumaku, kwa hiyo sumaku yako haiwezi kuitenganisha na 304. Halafu 304 halali ikishavutwa na kukunjwa kiwandani, hasa shingoni na pembeni mwa kitako, huweza kunasa kidogo. Inayonasa kwelikweli ni jamii ya 430, ambayo nikeli haimo. Ukifuata ushauri wako mtu ataacha chupa nzuri aondoke na mbaya huku anachekelea.

La pili, namba ya stenlesi inahusu kutu na ladha. Kwenye joto haina neno kubwa. Zote hizo hupitisha joto kidogo sana zikilinganishwa na metali nyingine za jikoni: alumini hupitisha zaidi ya mara kumi ya stenlesi, shaba ndiyo usiseme. Hakuna chai iliyopoa kwa sababu ya 201. Kinachotunza joto ni ombwe lililopo kati ya kuta mbili, yaani hewa imenyonywa ikatoka.

#5 Fundi_Koleo
Bibi nimekusoma. Lakini anayeiba kwenye chuma ataacha kuiba kwenye ombwe? Chuma ni dalili ya mtengenezaji. Hoja yangu iko palepale.

#6 Mwalimu_Nta
Niongezee hapo kwa Bibi. Joto lina njia tatu za kutoroka: kupenya kwenye kitu kigumu, kubebwa na hewa au maji yanayozunguka, na mnururisho, ambao hauhitaji kitu chochote katikati. Ukitoa hewa kati ya kuta umeziba njia mbili za kwanza, isipokuwa pale kuta zinapokutana. Ya tatu haijali ombwe, inapita tu. Ndiyo maana watengenezaji makini hupaka shaba nyembamba au kuzungushia karatasi ya metali upande wa nje wa ukuta wa ndani, ili joto lirudishwe lilikotoka. Sehemu hiyo mnunuzi hawezi kuiona mpaka apasue chupa. @Kengele_Bubu pacha wako wanaweza kuwa wametofautiana hapo tu, mmoja kapakwa shaba, mwingine hakupakwa.

Na tusisahau chombo hiki hakikuanzia kwenye chai. James Dewar alikitengeneza mwaka 1892 London kwa ajili ya gesi zilizopozwa mpaka zikawa maji. Kilikuwa cha kioo. Hakuchukua hataza. Wajerumani wakakiona, wakakigeuza bidhaa ya nyumbani, kampuni ya Thermos ikazaliwa mwaka 1904. Dewar akaenda mahakamani, akashindwa. Cha chuma kitupu kikaja mwaka 1913 kwa Mmarekani William Stanley.

#7 Kifaru_Mpole
Mtu kauliza chupa, tumefika mahakamani. Mwalimu, mtihani ni lini?

#8 MamaPacha
Jamani mnahangaika na vya ndani wakati kitu chenyewe kipo juu kinawaangalia. MFUNIKO. Nyumbani tuna mbili za kampuni moja, zilinunuliwa pamoja. Moja ina mfuniko mnene wa kukaza, ndani yake una uwazi. Nyingine ina ule wa kubonyeza kitufe unywe kwa mkono mmoja, ukiushika ni plastiki nyembamba tu. Ya kitufe ilikuwa inapoza chai mapema, mume wangu akaiita ya maonyesho. Nikazibadilishia mifuniko. Ile ya maonyesho ikawa inatunza, na ile "nzuri" ikaanza kupoza. Kengele, kabla hujanunua chochote waambie hao wenzako wabadilishane mifuniko siku moja.

#9 Jongoo_wa_Reli
MamaPacha kapiga penyewe. Ongeza na shingo. Ukuta wa ndani na wa nje vinaunganishwa pale mdomoni, hapo hakuna ombwe, ni chuma kwa chuma. Joto linapanda kwenye ukuta wa ndani, linavuka mdomoni, linashuka nje. Kadiri mdomo unavyokuwa mpana, njia hiyo inapanuka, na mfuniko nao unakuwa mkubwa. Ndiyo maana chupa za safari ndefu za zamani zina shingo nyembamba.

Ila mdomo mpana una faida yake: barafu inaingia, na mkono au brashi inafika chini. Mimi ningemuuliza mleta uzi, wewe ni mtu wa moto au wa baridi? Ukisema vyote kwa usawa utaishia na chupa ya katikati ambayo kila upande unailaumu.

#10 Mchuuzi_Mstaafu
Nimeuza vyombo miaka mingi, niseme ninachokijua. Nusu ya waliokuwa wakirudisha chupa hawakuwa wanaipasha kwanza. Chupa imelala usiku kwenye baridi, asubuhi unaimwagia chai, chuma kinakula joto lote. Mimina maji yanayochemka, funga, acha dakika tano, mwaga, ndipo utie chai. Chupa "mbovu" inapona hapohapo.

#11 Bibi_Darubini
@Mchuuzi_Mstaafu "lote" hapana, tupige hesabu. Tuseme ukuta wa ndani una gramu 150. Chuma kwa uzito uleule kinahitaji takriban moja ya nane ya joto linalohitajika na maji. Kwa hiyo hizo gramu 150 ni sawa na kuongeza maji ya gramu 18 hivi ya baridi ya chumba. Kwenye nusu lita ya nyuzi 95 utashuka nyuzi mbili na nusu basi. Kupasha kunasaidia, na mimi hupasha, ila hakuwezi kufufua chupa iliyokufa.

Anayeua chai ni maziwa ya friji. Chukua mililita 400 za nyuzi 95, ongeza 100 za nyuzi 5, unapata 77. Nyuzi 18 zimeondoka kabla hujafunga mfuniko. @Kengele_Bubu, mwenye chupa mbovu anakunywa nini?

#12 Kengele_Bubu
Bibi umejuaje, ni mtu wa maziwa kweli. Mwenye nzuri anakunywa ya rangi. Lakini anasema maziwa yake anachemshia pamoja na chai, hatii ya baridi. Mfuniko wa mbovu ni ule wa kubonyeza, wa nzuri ni wa kukaza. Sasa mnazidi kuniongezea washtakiwa.

#13 Panzi_wa_Usiku
Na pia uliza anafungua mara ngapi. Kuna watu wanapiga funda moja, wanafunga, baada ya muda funda lingine. Kila ukifungua mvuke unatoka na joto lake.

#14 Mwalimu_Nta
@Panzi_wa_Usiku na kubwa zaidi ni kwamba chupa inabaki nusu. Joto linalovuja kwenye mfuniko na shingo halijui mmebakiza kiasi gani, ila kilichobaki ndani ni kidogo, kwa hiyo kinashuka kwa kasi karibu mara mbili. Ukitaka chai ya jioni ikae, tumia chupa mbili ndogo au usiiguse ile ya jioni. Na ya lita moja itatunza muda mrefu kuliko ya nusu lita yenye mdomo uleule, hata kama zimetoka mashine moja.

#15 Kifaru_Mpole
Yaani nibebe chupa mbili ili nisifungue moja. Begi langu litakuwa duka.

#16 Sindano_Butu
Hakuna aliyejibu la baridi. Kwa nini 24 kwa 12?

#17 Bibi_Darubini
Joto hukimbia kwa kadiri ya tofauti iliyopo. Chumba kikiwa nyuzi 25, chai ya 95 ina tofauti ya 70. Maji ya nyuzi 4 yana tofauti ya 21. Kani ya kusukuma ni ndogo kwa zaidi ya mara tatu, basi muda unaongezeka. Ukitia barafu ndiyo kabisa: gramu 100 za barafu zikiyeyuka hula joto ambalo lingepandisha nusu lita ya maji kwa nyuzi 16 hivi. Mtu anasema "chupa yangu ni kiboko, jana hadi leo barafu ipo", kumbe alijaza barafu tupu maji ni ya kuonja.

Na zingatieni, masaa 12 ya nini? Boksi halikuambii ikifika saa ya kumi na mbili chai itakuwa nyuzi ngapi. Mwingine kwake nyuzi 45 ni "moto". Chupa za Kijapani mara nyingi huandika joto litakalobaki baada ya masaa 6, maji yakiwa yameanzia nyuzi 95 kwenye chumba cha nyuzi 20. Hapo unaweza kulinganisha mbili. Mimi chupa ikiandikwa masaa tu bila nyuzi naichukulia kama tangazo.

#18 Fundi_Koleo
Hapo kwenye boksi naunga mkono. Na bado nasema 201.

#19 Jongoo_wa_Reli
@Fundi_Koleo tukujengee sanamu ya 201?

Turudi kwa mnunuzi. Ombwe halionekani lakini linapimika. Ukifika nyumbani jaza maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi, pitisha kiganja nje kuanzia chini hadi juu. Mwili wote uwe kama kikombe kilichokaa kabatini, pale karibu na mdomo tu ndipo pawe na ujotojoto kidogo. Ukikuta tumbo zima limepata moto, ombwe limeingia hewa, irudishe siku hiyohiyo. Kwa baridi, tia maji ya barafu uangalie nje: jasho likitoka mwilini mwa chupa, ni kosa lilelile.

Pia someni maneno. "Kuta mbili" siyo ahadi ya ombwe. Zipo zenye kuta mbili na katikati hewa ya kawaida au povu. Zitakulinda usiungue vidole, lakini chai ya mchana usizitegemee. Lazima iandikwe wazi kwamba ni ya ombwe.

#20 Zulia_Jekundu
Mimi yangu ilianguka kwenye ngazi ikabonyea tumboni. Tangu hapo kuna sehemu moja nje inapata moto, penginepo hapana. Ombwe limeenda?

#21 Jongoo_wa_Reli
Sehemu moja tu? Yaelekea ukuta wa nje umebonyea hadi ukagusa wa ndani, joto limepata daraja. Ombwe lenyewe laweza kuwa bado lipo. Hata hivyo haitibiki, usije ukapewa na mtu nyundo uinyooshe kutokea ndani.

#22 Mchuuzi_Mstaafu
Zilizokuwa zikirudi dukani nyingi zilibonyea kitakoni, kwa sababu ndipo zinapoangukia. Ndiyo maana nyingine zinauzwa na soksi ya silikoni chini. Wateja waliiona pambo, wakaitoa.

#23 Sindano_Butu
Kitakoni si ndiko kwenye ile risasi? Nilisikia kelele zake mtandaoni. Kama kuna risasi mimi narudi kwenye chupa ya plastiki.

#24 Bibi_Darubini
@Sindano_Butu tulia. Kelele zile zilikuwa Januari 2024, kuhusu vikombe vya Stanley. Kampuni ilieleza kwamba tundu la kuzibia ombwe pale kitakoni huzibwa kwa kipande chenye risasi, kisha hufunikwa kwa kisahani cha stenlesi. Kinywaji hakigusani nacho. Hatari inakuja kisahani kikibanduka, hapo kitako wazi unakishika mkononi, na mtoto anaweza kukiramba. Kisahani kikitoka, chupa hiyo imemaliza kazi. Wapo watengenezaji wanaotangaza kuziba bila risasi, ukitaka moyo utulie tafuta hao.

#25 MamaPacha
Kwenye watoto mimi sina utani, kitako kikilegea inaenda kwenye takataka.

Swali langu sasa, ladha. Kahawa kwenye stenlesi ina kaladha ka chuma ambako kwenye kikombe cha udongo hakapo. Mume wangu anasema ni kichwa changu.

#26 Kahawa_Chungu
Siyo kichwa chako, dada. Kuna sababu nimezisikia kama tatu na kila mtu anaapa kwa yake. Wa kwanza anasema ni mabaki ya mafuta ya kahawa ya jana yaliyoganda ukutani na kwenye mpira wa mfuniko, yakachacha. Wa pili anasema kahawa yenyewe inaharibika ikikaa kwenye joto kali masaa mengi, hata kwenye kioo ingekuwa hivyo. Wa tatu anasema ni midomo na ulimi kugusa chuma. Mimi naegemea ya kwanza na ya pili, maana nikimimina kwenye kikombe ladha inabaki. Siku hizi kuna zilizopakwa kauri ndani, ladha ni safi, ila usizisugue kwa kitu kigumu na usizigonge na kijiko, tabaka likichunika ndiyo basi.

#27 Fundi_Koleo
Au chukua 316. Ina molibdeni asilimia mbili hadi tatu, inavumilia chumvi na klorini kuliko 304. Nayo mtasema dalili?

#28 Bibi_Darubini
Hiyo ni sahihi kabisa Fundi, kwa mtu anayebeba vinywaji vya chumvi au maji yenye klorini nyingi. Kwa chai ya rangi na maji ya kawaida 304 inatosha, 316 ni kulipia utulivu wa nafsi.

#29 Fundi_Koleo
Piga picha ya skrini hapo watu, Bibi kasema "sahihi kabisa".

#30 Zulia_Jekundu
Na kutu? Yangu ina vidoadoa vya kahawia chini ndani.

#31 Kahawa_Chungu
Sugua kwa kidole kwanza. Vingi huwa ni chai iliyoganda au madini ya maji. Ukoko mweupe au wa rangi ya kutu unaotokana na maji magumu hutoka kwa siki au asidi ya sitriki na maji ya moto, acha ikae kisha suuza. Doa la chai na kahawa linatoka kwa bikabonati ya soda. Vikibaki vishimo vidogo, hapo ni kutu ya kweli. Wanaoleta kutu ni wawili: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo inachimba stenlesi, na ule waya wa kusugulia sufuria, unaacha chembe za chuma cha kawaida ambazo ndizo zinazooza.

#32 Panzi_wa_Usiku
Maziwa je? Mimi hubeba maziwa ya moto asubuhi nikanywa jioni. Chupa ni nzuri, jioni bado yana ujotojoto.

#33 Mwalimu_Nta
@Panzi_wa_Usiku huo "ujotojoto" ndio tatizo. Bakteria wanastawi kati ya nyuzi 5 na 60. Chupa inayoyashusha maziwa polepole kutoka 90 kuja 40 inawapa wadudu kitanda na blanketi. Maziwa yakiwa juu ya 60 muda wote, sawa. Yakishuka, kunywa mapema au usibebe. Chupa haiui wadudu, inatunza joto tu.

#34 Panzi_wa_Usiku
Nimekunywa hivyo tangu zamani na tumbo halijawahi kulalamika.

#35 MamaPacha
Tumbo lako lipewe cheti. Usiwape watoto.

#36 Kifaru_Mpole
Sasa na mimi nina swali la maana kwa mara ya kwanza. Chupa nzuri sana inaunguza mdomo. Nilikunywa moja kwa moja kutoka kwenye tundu, ulimi ukakosa kazi siku nzima. Hiyo si kasoro?

#37 Bibi_Darubini
Si kasoro, ni mfuniko usioendana na matumizi yako. Na jambo lenyewe halina utani: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya umio. Chupa nzuri inaweza kukaa juu ya 65 kwa masaa. Kama unakunywa vya moto tafuta ile ambayo mfuniko wake ni kikombe, umimine, kipoe, unywe. Au tia chai ikiwa imeshapungua makali. Mrija kwenye kinywaji cha moto ndiyo usithubutu, chai inapanda bila wewe kujua ni moto kiasi gani, na mvuke ukibanwa ndani hukisukuma chenyewe juu.

#38 Kifaru_Mpole
Kwa hiyo chupa mbovu ya yule jamaa ndiyo chupa ya afya. Kesi imekwisha, tugawane gharama za mahakama.

#39 Sindano_Butu
Hahaha. Na soda, inaruhusiwa?

#40 Mchuuzi_Mstaafu
Soda na vyenye gesi vingi maelekezo yao hukataza, hasa kwa mfuniko wa kubonyeza. Gesi inajikusanya, ukifungua inakurukia au mfuniko unatoka kwa nguvu. Barafu kavu ndiyo marufuku kabisa, hiyo inageuka gesi yote ikiwa ndani. Hata juisi iliyoanza kuchachuka inatengeneza gesi. Na usiiweke chupa kwenye jiko kuipasha moto, wala kwenye sehemu ya kugandisha ya friji. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, ukuta wa ndani unasukumwa, unaharibu chupa.

#41 Abiria_Asiyelala
Kwa wanaosafiri kwa ndege: viwanja vingi bado vina kikomo cha mililita 100 za kimiminika kwa kila chombo. Pita na chupa tupu, jaza ukishavuka ukaguzi. Na msibebe ya lita moja na nusu mkidhani ni ushujaa. Maji peke yake ni kilo moja na nusu, bado chuma. Itabaki nyumbani baada ya wiki. Mililita 500 kwa chai, 700 hivi kwa maji, zaidi ya hapo uwe na gari.

#42 Jongoo_wa_Reli
Pima pia upana wa kitako kabla hujalipa. Chupa isiyoingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi utaibeba mkononi, na ya mkononi ndiyo inayosahaulika kwenye kiti.

#43 Kengele_Bubu
Wakuu nimerudi na majibu kidogo. Nimewashawishi wakabadilishana mifuniko, wakajaza chai kutoka birika moja, hakuna maziwa. Ile mbovu kwa mfuniko wa kukaza imekuwa na nafuu, mchana ilinyweka. Ile nzuri kwa mfuniko wa kubonyeza imeshuka, ila bado iliishinda mbovu. Tukafanya na la kiganja la Jongoo: nzuri imepoa mwili mzima, mbovu ina ujotojoto upande mmoja chini, hauunguzi, lakini ukiushika unausikia.

#44 MamaPacha
Mfuniko. Nilisema.

#45 Fundi_Koleo
Ujotojoto upande mmoja, yaani ombwe la kubana gharama. Nilisema.

#46 Mwalimu_Nta
Au haikupakwa shaba. Au imewahi kuanguka. Muulizeni mwenyewe kama ina ubonyeo, hata mdogo, upitishe kidole.

#47 Kengele_Bubu
Anasema haijawahi kuanguka. Rangi ya chini imechubuka hata hivyo. Simwiti muongo, tunakaa meza moja.

#48 Kifaru_Mpole
Haijaanguka, ilishuka ngazi yenyewe.

#49 Kengele_Bubu
Mimi nimeshaamua mambo mawili: mdomo wa kati unaoingiza barafu, na mfuniko wa kukaza wenye kikombe. Kilichobaki, mpira wa mfuniko. Ya zamani niliyokuwa nayo mpira uliota ukungu mweusi kwenye kijifereji nisiweze kuutoa.

#50 Kahawa_Chungu
Kabla ya kulipa jaribu kuuchomoa mpira kwa ukucha palepale dukani. Usipotoka, acha. Mfuniko wenye kitufe, springi na vijinjia vya siri hausafishiki vizuri hata ukiwa na brashi ya meno. Ukiosha nyumbani uache mpira ukauke nje ya mfuniko, usifunge chupa ikiwa na unyevu.

#51 Mchuuzi_Mstaafu
Na uliza kama mpira na mfuniko vinauzwa peke yake. Mwili wa stenlesi unaweza kukaa miaka mingi, mpira unalegea mapema. Mpira ukiwa haupatikani, umenunua chupa ya muda.

#52 Zulia_Jekundu
Mpira wa chupa nyingine nimewahi kuulazimisha ukaingia. Ulikaa, lakini chupa ikilala inadondosha tone.

#53 Jongoo_wa_Reli
Tone hilohilo ndiko joto linakopitia pia. Pindua mpira upande wa pili kwanza, baadhi yake zina upande. Ikiendelea kudondosha, isimamishe wima kwenye begi, mbali na kompyuta.